Wino mpya wa rangi unapokorofisha: dalili, chanzo na la kufanya

Wino mpya ukikorofisha, wa kwanza kuhukumiwa ni wino wenyewe. Chupa inarudishwa kabatini, kalamu ya wino inajazwa tena bluu ya kila siku, na kesi inafungwa. Mara nyingi mwenye kosa hajaguswa. Huenda ni karatasi, huenda ni mabaki ya wino wa zamani, au ni nibu, ile ncha ya kuandikia, iliyokuwa na kasoro tangu inunuliwe na wino wa zamani ulikuwa unaificha tu. Washukiwa ni watatu: wino, kalamu na karatasi. Kazi yote iliyo hapa chini ni kuwatenganisha. Badilisha kimoja, vingine viache vilivyo. Ukibadilisha viwili kwa pamoja na tatizo likaondoka, hutajua ni kipi kilikuwa kinakusumbua.

Anza kwa kuchovya

Usijaze kalamu kwa wino usioujua. Chovya kwanza. Kalamu ya kioo inafaa, nibu ya kuchovya inafaa, na hata kalamu yako ya kawaida, ikiwa safi na kavu, unaweza kuichovya mpaka wino ufike kwenye tundu la nibu, ukafuta mgongo wake, kisha ukaandika. Mstari wa kwanza usiuamini: nibu iliyotoka kuchovywa hutoa wino mwingi, rangi ikaonekana nzito kuliko ilivyo. Angalia kuanzia mstari wa pili.

Andika maneno yaleyale kwenye karatasi mbili. Moja iwe ile unayoitumia siku zote, ya pili iwe karatasi inayojulikana kuupokea wino vizuri, kwa mfano Rhodia ya gramu 80 kwa mita ya mraba, Clairefontaine ya gramu 90 au Tomoe River. Kasoro ikionekana kwenye karatasi yako tu, umeshapata jibu, na kalamu haina hatia. Ikionekana kwenye zote mbili, mtazame wino. Kama kuchovya kulienda vizuri kote na balaa likaja baada ya kujaza, shida iko ndani ya kalamu.

Soma na lebo. Wino wa kuchorea uliotengenezwa kwa nibu za kuchovya, hasa wenye sheliki au akriliki, hauingii kwenye kalamu ya wino hata kidogo. Ukikauka mle ndani hauyeyuki tena kwa maji, na hapo utakuwa huna tatizo la kutatua bali kalamu ya kutupa.

Rangi si ile uliyoitarajia

Hili ndilo lalamiko linalosikika zaidi, na vyanzo vyake ni vingi kuliko watu wanavyodhani.

Rangi ikiwa imepauka kwenye ukurasa wa kwanza kisha ikaanza kukolea polepole, hayo ni maji. Kalamu iliyooshwa hubaki na maji kwenye mifereji ya mlisho, yaani kile kipande kilichokaa chini ya nibu. Konveta, yaani kijitanki cha wino kinachochomekwa ndani ya kalamu, nyingi hazifikishi hata mililita 1 ya wino, kwa hiyo matone mawili ya maji mle ndani si kitu kidogo. Baada ya kuosha, kunja tishu mara kadhaa, iweke ndani ya kikombe, simamisha kalamu nibu ikiangalia chini juu yake, uiache usiku kucha. Tishu itafyonza kilichobaki. Kama huna subira, jaza, andika ukurasa mzima wa maneno ya ovyo, halafu ndipo utoe hukumu.

Rangi ikiwa imechafuka, njano imekuwa na ukijani au waridi imeelekea zambarau, huo ni wino wa zamani. Bluu na nyeusi hung'ang'ania mlishoni muda mrefu baada ya maji ya kuoshea kuonekana meupe. Kipimo chake ni rahisi: lowanisha kidogo tishu nyeupe, bandika ncha ya nibu juu yake, hesabu hadi 30 bila kuitikisa. Kama bado kuna wino, utaona duara la bluu likitanuka taratibu kuanzia kwenye mpasuo wa nibu. Osha tena. Wino wa rangi hafifu kama njano, machungwa na waridi hausamehe, na kwa maoni yangu ni vyema kuutengea kalamu yake moja ambayo haijawahi kuonja nyeusi. Kwa wino mzito kama nyekundu ya damu ya mzee au kijani cha msituni, uchafu kidogo hauonekani; usijitese.

Rangi ikizidi kukolea siku hadi siku wakati kalamu imelala, maji yanapotea kwa mvuke na rangi inabaki. Hapo kagua kifuniko, maana kinapitisha hewa. Wino uliomo unaweza kuumwaga na kujaza upya. Kuurudisha kwenye chupa si busara.

Halafu kuna sampuli zenyewe, ambazo nyingi zinadanganya bila kukusudia. Kijiti cha pamba kikipakwa kwenye kadi huacha wino mwingi kuliko nibu yoyote, na ndiyo picha unayoiona kabla ya kununua. Nibu nyembamba haiwezi kutoa rangi ile. Waridi iliyokuwa ikiwaka kwenye kadi inakuwa maandishi yasiyosomeka vizuri, na ule mpito mzuri wa rangi kutoka nzito kwenda nyepesi ndani ya herufi moja haupati nafasi ya kuonekana. Kama ulinunua wino kwa ajili ya mpito huo, jaribu nibu pana kabla ya kuulaumu. Subiri pia ukauke, kwa kuwa rangi ya mbichi na ya kavu zinaweza kutofautiana sana, kisha uutazame mchana karibu na dirisha. Taa ya manjano huibeba bluu-kijani ikaifanya kijani kabisa.

Na ule mng'ao mwekundu unaoelea juu ya bluu, au wa dhahabu juu ya nyekundu? Huo hutokea rangi inapokuwa nyingi kiasi cha kukaukia juu ya karatasi badala ya kuzama. Karatasi inayonyonya huumeza. Hapo hakuna kalamu itakayokusaidia, badilisha karatasi.

Wino wa chuma, ule wenye tanini na chumvi ya chuma, una tabia yake ya pekee. Unaandika hafifu, kisha unaingia weusi kadiri chuma kinavyokutana na hewa, ndani ya dakika, saa, hata siku. Pelikan 4001 ya bluu-nyeusi na Salix ya Rohrer & Klingner ni wa jamii hiyo. Kwa hiyo usiseme umepauka kabla hujauangalia tena kesho yake.

Kama kuna kivuli cha rangi nyingine pembeni ya herufi, mathalani kijivu chenye ukingo wa waridi, wala hujakosea kitu. Aina nyingi za wino ni mchanganyiko wa rangi mbili, tatu au zaidi. Kata kipande chembamba cha karatasi ya kuchujia kahawa, weka nukta ya wino sentimita 2 kutoka ncha ya chini, tumbukiza ncha hiyo kwenye maji kidogo kiasi kwamba nukta isiguse maji. Maji yanapanda, yanaibeba nukta, na kila rangi inasafiri kwa mwendo wake: moja imetangulia juu, nyingine iko katikati, nyingine imegoma kuondoka chini. Ukimaliza utajua ni rangi ipi itakayotoroka siku tone la maji litakapodondokea daftari lako. Zaidi ya faida hiyo, ni mchezo mtamu, na ni vigumu kuishia kwenye chupa moja tu.

Kalamu haianzi, au inarukaruka

Hapa usikimbilie dawa. Tazama kwanza *lini* inakataa, kwa sababu dalili zinafanana na vyanzo havifanani.

Inakataa asubuhi, baada ya kulala imefunikwa. Kifuniko hakibani. Kikague kwenye mwanga uone kama kina ufa mdogo kwenye ukingo au karibu na kishikizo. Wino uliokolea sana rangi hukauka upesi kwenye ncha na kuanika udhaifu huo, ilhali ule wa kawaida ulikuwa unavumilia. Kulowesha ncha kidogo kwa maji kunaiamsha kalamu, lakini ni kuahirisha tu. Kama inakataa baada ya kuachwa wazi dakika kadhaa wakati unafikiri la kuandika, hilo si gonjwa. Ifunike.

Inakataa mwanzo wa michirizo, popote, hata katikati ya sentensi, lakini ukikandamiza kidogo inaandika. Andika herufi "l" nyingi mfululizo: utaona baadhi hazina kichwa, zinaanzia milimita moja chini ya pale ulipogusa. Hapo tazama ncha kwa lenzi ya kukuzia. Meno mawili ya nibu yakiwa yamesuguliwa kupita kiasi, kingo zake za ndani zinakuwa za mviringo, na wino unaishia kati ya meno bila kuigusa karatasi. Wino unaotiririka kwa wingi huziba pengo hilo. Wino mkavu, yaani unaotoka kwa uchache, kama zilivyo nyingi za Pelikan 4001, hauzibi. Ndiyo maana watu husema kalamu "imeharibiwa na wino mpya" wakati iliondoka kiwandani ikiwa hivyo. Nibu hiyo inahitaji mtu anayejua kusaga nibu, au irudishwe ilikonunuliwa. Kuisugua mwenyewe kwa msasa kwa kufuata maelezo ya haraka ni njia ya kuigeuza kero ndogo kuwa hasara.

Inaanza vizuri, inaandika mistari mitano au sita, inapauka, inakauka, ukiiweka kidogo inarudi. Mlisho haupati wino wa kutosha. Fungua kalamu uitazame konveta. Mara nyingi utaona wino umejikusanya wote nyuma, karibu na pistoni, na mbele kuna hewa tupu. Mvutano wa uso wa wino unaushikilia kwenye kuta za plastiki. Igonge kwa ukucha uteremke, kisha zungusha kitasa cha konveta taratibu mpaka tone moja litokeze kwenye mlisho, urudishe nyuma kidogo, ufute. Likijirudia, toa wino wote, osha konveta na sehemu ya nibu kwa maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni ya kuoshea vyombo, suuza mpaka povu liishe. Kalamu mpya kabisa huja na mabaki ya mafuta ya kiwandani, nayo hufanya hivihivi. Wengine huchovya ncha ya kijiti cha meno kwenye sabuni na kuitia ndani ya wino ili utiririke. Inafanya kazi, ila mimi siipendi: ukizidisha kidogo tu, wino unaanza kuota nywele, yaani kutoa vinywelea pembeni mwa herufi, kwenye kila karatasi, na sabuni ikishatiwa chupani haitoki.

Inaruka kwenye nusu ya chini ya ukurasa tu. Hii huwashangaza wengi. Nusu ya juu safi, nusu ya chini mashimo mashimo, na kila ukurasa ni hivyohivyo. Ni mkono wako. Mafuta ya kiganja yanabaki kwenye karatasi kadiri unavyoshuka, na wino wa maji haukai juu ya mafuta. Weka karatasi nyingine chini ya kiganja, au nawa mikono kama umetoka kujipaka losheni. Karatasi laini zilizopakwa uso mgumu ndizo zinazolionyesha tatizo hili zaidi, kwa hiyo mara nyingi ni wale walionunua daftari la bei kubwa wanaolipata.

Ikikataa kwa namna zote hizo kwa pamoja, na hukuwa umeosha kalamu ulipobadilisha wino, basi acha kutafuta. Ioshe.

Wino unaota nywele, unapenya upande wa pili

Wino unapofuata nyuzi za karatasi na kutoa vinywelea kwenye kingo za herufi, karatasi ndiyo yenye kesi mara nyingi. Karatasi ya kunakilishia ya bei rahisi ina nyuzi zilizo wazi na gundi kidogo usoni. Gramu hazikuambii yote: Tomoe River ya gramu 52 ni nyembamba kiasi cha kuonyesha maandishi ya nyuma kama kivuli, lakini wino haupenyi, ilhali karatasi ya gramu 80 ya kunakilishia inaweza kutoboka kabisa. Kivuli na kupenya ni vitu viwili. Kivuli kinatokana na wembamba, kupenya kunatokana na unyonyaji.

Kama huna uchaguzi wa karatasi, punguza wino unaotua: nibu nyembamba zaidi, mkono mwepesi, wino mkavu zaidi. Wino wa chuma na ule wa pigmenti (chembe za rangi zisizoyeyuka) kwa kawaida hukaa vizuri zaidi kwenye karatasi mbovu kuliko ule wa rangi iliyoyeyuka, ingawa una masharti yake, nitayataja.

Haukauki

Chora mistari mifupi kadhaa, upitishe kidole juu ya mmoja baada ya sekunde 5, mwingine 10, 15, 20, hadi 30. Usipokauka kwa sekunde 30 kwenye karatasi nzuri ya uso mgumu, hiyo ni kawaida kwa wino wenye majimaji. Kinachokera ni wino kupakaa hata kesho yake. Wino wenye mng'ao mkali sana, kama Nitrogen ya Organics Studio, rangi yake ya ziada imekaa juu ya karatasi, na unyevu wa kidole unaiamsha tena hata kama umekauka siku nyingi. Hauna dawa isipokuwa karatasi inayonyonya, ambayo itauondoa mng'ao uliolipia. Unayeandika kwa mkono wa kushoto ukipita juu ya maandishi, wino wa namna hii uache kwa ajili ya kadi na anwani.

Unadondoka, au nibu imechafuka juu

Wino kutambaa juu ya mgongo wa nibu na kukaa kama doa karibu na mpasuo ni sura tu. Nyekundu na zambarau nyingi hufanya hivyo. Futa uendelee.

Tone zima likidondoka ni jambo jingine. Wino ukiwa umebaki kidogo, hewa ni nyingi ndani ya kalamu. Joto la mkono linaitanua na kuusukuma wino nje. Jaza kabla haujafika chini kabisa. Kwenye ndege, ambako mgandamizo wa hewa hubadilika, kalamu iwe imejaa kabisa au tupu kabisa, nibu ikitazama juu. Kama inadondosha hata ikiwa imejaa, angalia kama konveta imeingia mpaka mwisho, au mlisho umekaa pembeni ya nibu badala ya kubanana nayo.

Chenga za kumeta hazionekani

Chenga zinazotiwa kwenye wino wa kumeta ni nzito kuliko wino, zimezama. Bingirisha chupa taratibu mpaka chini pasiwe na tope, kisha jaza mara moja. Kalamu nayo ibingirishe kabla ya kuandika, na uihifadhi ikiwa imelala. Chagua nibu ya kati au pana. Ukiona rangi inatoka lakini chenga hazitoki, na mtiririko unapungua kila siku, zinajazana kwenye mifereji ya mlisho. Osha sasa, usisubiri. Wino kama Emerald of Chivor ya J. Herbin ni mzuri kwelikweli, lakini kalamu usiyoweza kuifungua nibu na mlisho si mahali pake.

Kalamu imeshika madoa

Konveta na madirisha ya plastiki hushika waridi, zambarau na baadhi ya bluu. Baystate Blue ya Noodler's inajulikana kwa hilo, tena inagombana na aina nyingine za wino. Haichanganywi na kitu. Kwenye kalamu ya plastiki angavu, fikiri mara mbili.

Maji ya kawaida kwanza, ya uvuguvugu, kamwe yasiwe moto. Yakishindwa, changanya sehemu 1 ya amonia ya nyumbani na sehemu 10 za maji pamoja na tone la sabuni ya vyombo, loweka kwa muda mfupi, suuza sana. Sehemu za alumini au shaba zisilowekwe humo. Amonia isikutane na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo: mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu. Spiriti nayo iache mbali na kalamu, maana inaweza kuharibu plastiki na resini zake.

Wino wa pigmenti na wa chuma unaoshwa kabla ya kukauka, si baada. Usiuache kwenye kalamu usiyoitumia; mimi huosha kila ninapojaza upya, hata kama ni wino uleule. Pigmenti iliyokauka haiyeyuki, na wino wa chuma una asidi ambayo, ukikaa muda mrefu, huweza kula nibu ya chuma. Nibu ya dhahabu huvumilia zaidi, ila mlisho utaziba vilevile.

Kuna kitu kinaelea kwenye chupa

Inua chupa kwenye mwanga, uiinamishe polepole. Tope laini linalotulia chini na kutawanyika ukibingirisha ni rangi, chenga au pigmenti. Vipande vinavyoonekana baada ya kuchanganya aina mbili za wino ni matokeo ya kemikali kukataana. Mchanganyiko huo usiingie kwenye kalamu. Siku nyingine jaribu kwanza matone machache kwenye kichupa, ukiache wiki nzima kabla ya kukiamini.

Utando wa juu, nyuzi laini zinazofuatana kwa kuteleza, au harufu ya kitu kilichooza, ni ukungu. Tupa wino wote, na usiuchuje. Kalamu iliyokunywa kutoka chupa hiyo ioshe kwa ule mchanganyiko wa amonia, suuza, kausha, kisha jaza wino mwingine na uikague kwa wiki kadhaa kabla hujaichovya kwenye chupa nyingine yoyote.